Kutazama Garimoshi, Kuisikiliza Reli: Uraibu wa Picha za Reli Kericho na Bomet na Nafasi Yake katika Utafiti wa Kiswahili

IKISIRI

Makala hii inajadili uraibu wa kutazama na kupiga picha magarimoshi katika nchi ya majani chai ya Kericho na Bomet, na faida yake kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Tunaeleza kwa ufupi historia ya njia ya reli iliyo karibu na eneo hili, kisha tunaonyesha namna reli inavyoweza kusomwa kama matini, na hatimaye tunapendekeza utaratibu wa kuendesha uraibu huu. Hoja yetu kuu ni kwamba mahali ambapo magarimoshi hupita kwa nadra, mtazamaji hulazimika kuitazama reli yenyewe na kuwasikiliza watu walioihudumia. Picha isiyoambatana na maneno ya watu hao ni kumbukumbu nusu, na nusu inayokosekana ndiyo iliyo katika hatari kubwa zaidi ya kupotea.

1.0 UTANGULIZI

Mwenyeji wa Kericho akisema kwamba uraibu wake ni kutazama magarimoshi, wenzake humcheka. Nami nimechekwa. Mji wa Kericho hauna stesheni, na Bomet haijawahi kuwa na reli hata ya urefu wa kiwanja cha kandanda. Mtoto aliyekulia katika mashamba ya chai hujua trekta, lori la majani chai na matatu, lakini garimoshi hulijua kwenye kitabu cha shule, likiwa limechorwa na moshi mweusi juu ya kichwa chake.

Hata hivyo, upande wa kaskazini wa kaunti hiyohiyo ya Kericho reli ipo. Inapita Londiani, Kipkelion na Fort Ternan, ikishuka kutoka milima ya Mau kuelekea Muhoroni na Kisumu. Kutoka mjini Kericho, mtu huweza kwenda Kipkelion asubuhi na kurudi nyumbani jioni. Mimi nilianza safari hizo mnamo Desemba 2021, gari la abiria la Nairobi–Kisumu liliporejeshwa baada ya njia ya Nakuru–Kisumu kukarabatiwa. Nilikwenda na kamera ya kuazima nikidhani kwamba ninakwenda kupiga picha tu. Makala hii ni matokeo ya kugundua kwamba nilikuwa nimebeba chombo kimoja pale palipohitaji viwili.

2.0 UTAZAMAJI WA MAGARIMOSHI NI NINI?

Neno uraibu linahitaji ufafanuzi. Katika shule zetu za Kenya, mwanafunzi akiulizwa uraibu wake, hutaja kusoma, kuogelea au kucheza kandanda. Yaani jambo alifanyalo kwa kupenda wakati wa faragha. Lakini maana ya msingi ya neno hilo ni kali zaidi: ni mazoea yanayomshika mtu asiweze kuyaacha, kama vile kutafuna tambuu au kuvuta tumbaku. Kwa mtazamaji wa magarimoshi maana zote mbili zinafaa. Huanza kwa kupenda, halafu siku moja hujikuta amesimama kwenye manyunyu kwa saa nne akisubiri kitu ambacho huenda kisije.

Nchini Uingereza uraibu huu ulipata sura yake inayojulikana katika karne ya 20. Mwaka 1942 kijana aliyeitwa Ian Allan alichapisha kijitabu chenye orodha ya injini za kampuni ya reli ya kusini mwa nchi hiyo. Watoto na watu wazima wakawa wanasimama kwenye majukwaa ya stesheni wakipiga alama kando ya kila nambari ya injini waliyoiona. Uraibu wa namna hiyo unahitaji wingi. Anayehesabu nambari sharti awe mahali ambapo magarimoshi mengi hupita, vinginevyo daftari lake litabaki tupu.

Afrika Mashariki nayo imekuwa na utazamaji wake, ingawa haukuwa wa nambari. Katika riwaya ya A Grain of Wheat (1967), marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o anawaonyesha vijana wa Thabai wakienda stesheni ya Rung'ei siku za Jumapili kulilaki gari la abiria. Wengi wao hawaendi kusafiri. Wanakwenda kuonana, kupiga soga na kutongozana, na garimoshi ndilo kisingizio. Hata mbio za Gikonyo na Karanja, ambazo zinabeba uzito mkubwa katika msuko wa riwaya hiyo, ni mbio za kuliwahi gari la moshi. Ngũgĩ alikuwa mwenyeji wa Limuru, mji wenye stesheni, na alifahamu kwamba kulitazama garimoshi kulikuwa tendo la kijamii kabla halijawa tendo la kamera.

Kwa hiyo tuna mikabala miwili: ule wa mtu na nambari, na ule wa mtu na watu. Hali ya Kipkelion hailei mkabala wa kwanza. Magari ni machache mno. Ratiba ya gari la abiria lililorejeshwa mwaka 2021 ilipangwa liondoke Nairobi jioni na kufika Kisumu asubuhi, kwa hivyo katika milima yetu lilipita usiku wa manane, wakati ambapo kamera ya kawaida haioni kitu isipokuwa taa. Gari hilo tulilisikia zaidi kuliko tulivyoliona. Mtazamaji wa huku, apende asipende, husukumwa kuelekea mkabala wa pili.

3.0 NJIA YA MAU: MUHTASARI WA KIHISTORIA

Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ilifika kwenye Ziwa Viktoria tarehe 20 Desemba 1901. Msumari wa mwisho ulipigiliwa na Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston, na mwisho huo wa reli ukaitwa Port Florence kabla ya jina la Kisumu kushika. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na takriban 2,500 kati yao walifariki wakiwa kazini.

Sehemu iliyotoka kilele cha Mau hadi tambarare ya Kisumu ilikuwa miongoni mwa sehemu ngumu zaidi. Reli inashuka zaidi ya mita 1,300, na njiani kuna mabonde mengi yenye misitu na matope. Ili kuyavuka, yalijengwa madaraja marefu ya chuma 27, na kazi hiyo ilipewa kampuni ya Marekani, American Bridge Company, iliyosafirisha vipande vya chuma kutoka ng'ambo na kuviunga hapa. Jambo hili huwashangaza wengi wanaoamini kwamba kila chuma cha reli ile kilitoka Uingereza.

Reli haikupokewa kwa mikono miwili. Katika simulizi za Wanandi, Kimnyole arap Turukat alitabiri ujio wa nyoka wa chuma mwenye kutema moto na moshi. Mwanawe, Koitalel arap Samoei, aliongoza upinzani dhidi ya Waingereza na reli yao hadi alipouawa tarehe 19 Oktoba 1905 na Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitwa wa amani. Anayepiga picha ya reli katika nchi ya Wakalenjin hana budi kukumbuka kwamba kitu anachokiona kuwa kizuri kiliwahi kuonwa na wengine kama nyoka, na kwamba sitiari hiyo haikuwa pambo la lugha.

Chai ilikuja baada ya reli. Mashamba makubwa ya Kericho yalianzishwa na makampuni ya Brooke Bond na James Finlay katika miaka ya 1920, yaani miongo miwili baada ya reli kupita kaskazini yake. Stesheni ya Lumbwa ikawa mlango wa Kericho: chai iliteremka huko kwa barabara, kisha ikapakiwa kwenye mabehewa kuelekea Mombasa. Ndiyo maana mtazamaji anayetafuta picha ya garimoshi likikata katikati ya majani chai mabichi hataipata kirahisi. Atapata mahindi, kahawa na mikaratusi, na kuanzia Koru kuteremka atapata miwa.

4.0 RELI KAMA MATINI

4.1 Majina

Somo la kwanza la matini ya reli ni ubao wa stesheni. Lumbwa ni jina ambalo wageni waliwaita Wakipsigis, nao Wakipsigis hawakujiita hivyo. Leo stesheni hiyo ni Kipkelion. Fort Ternan, kwa upande wake, imebaki na jina la afisa wa kikoloni, Trevor Ternan, japo ulimwengu wa sayansi unaijua kwa sababu nyingine kabisa: karibu na hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Louis Leakey alipata visukuku vya kiumbe aina ya nyani alichokiita Kenyapithecus wickeri, chenye umri wa takriban miaka milioni 14. Kwa hivyo katika mwendo wa stesheni chache tu msomaji hukutana na jina lililoondolewa, jina lililorejeshwa na jina lililosahauliwa maana yake. Mwanafunzi wa onomastiki angetaka nini zaidi?

4.2 Chuma

Somo la pili limeandikwa kwenye chuma chenyewe. Ubavuni mwa reli, mahali ambapo gurudumu haligusi, huwa kuna maandishi yaliyoinuka: jina la kiwanda, mwaka wa kutengenezwa, na uzito wa reli ile. Ni maandishi yaliyofinyangwa chuma kikiwa bado moto. Mtu akiyapiga picha jua la asubuhi linapoanguka kwa mshazari, herufi hujitokeza vizuri. Kipande kimoja cha reli huweza kumweleza mtazamaji mengi kuhusu umri wa njia, wakati mwingine kuliko maelezo ya mtu anayepita.

Matini hii nayo inaibwa. Mataruma ya chuma, misumari na vibao vya reli vimekuwa vikichukuliwa na kuuzwa kama vyuma chakavu kwa miaka mingi. Uharibifu wa miundombinu ulikithiri kiasi kwamba mnamo Januari 2022 serikali ya Kenya ilisimamisha kwa muda biashara yote ya vyuma chakavu. Picha ya kibao kilichoibwa wiki iliyofuata huwa si pambo tena, bali ushahidi.

4.3 Msamiati

Somo la tatu, na ndilo kiini cha makala hii, ni maneno. Msamiati wa reli ni ghala ambalo Kiswahili kilijaza bila kamati yoyote kuketi. Tuangalie mifano michache.

Garimoshi limeunganisha gari, neno lenye asili ya Kihindi, na moshi, neno la Kibantu. Kigujarati huliita chombo hichohicho gari la moto. Waswahili waliona moshi, Wagujarati wakaona moto, na wote wawili walikuwa wakiitazama injini ya mvuke. Injini hizo ziliacha kutumika katika safari za kawaida nchini Kenya miongo mingi iliyopita, na baadhi zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi yaliyoanzishwa mwaka 1971. Moshi ule umekwisha, ila jina limebaki. Tanzania ilipoanza kuendesha treni za umeme kati ya Dar es Salaam na Morogoro mnamo Juni 2024, tulipata garimoshi lisilo na moshi hata chembe.

Taruma, kile kipande kinacholazwa chini kushikilia reli mbili, ni neno la mabaharia. Watu wa pwani walilitumia kwa vipande vya mbao vya kuimarisha chombo. Reli ilipokuja, jicho la baharia liliona ubavu wa jahazi uliolazwa ardhini.

Behewa lilikuwa ua wa ndani ya nyumba kabla halijawa chumba cha garimoshi. Aliyelihamisha neno hili alihisi kwamba ndani ya gari mnakaa watu, na kwamba hakupaswa kupaita sanduku.

Nyapara lilianzia kwenye misafara ya Wanyamwezi, ambako nyampara alikuwa kiongozi wa wapagazi. Msafara ulipokufa kwa sababu ya reli, neno lake lilihamia kwenye reli iyohiyo na kumtaja msimamizi wa genge la vibarua. Huku ni kuhama kwa neno kutoka kwa marehemu kwenda kwa aliyemuua.

Ukiongeza kiberenge, kile chombo kidogo cha kukagulia njia, na gadi, mtaimbo, kokoto na bogi, utaona kwamba njia moja ya reli imebeba lugha za pwani, bara, Bara Hindi na Uingereza. Maneno haya machache yamo katika kamusi. Mengine mengi hayamo. Yamo katika vinywa vya wazee walioshika mitaimbo, na wazee hao wanapungua.

5.0 NENO LILILOPOTEA

Hapa naomba radhi niache kwa muda nafsi ya kitaaluma nisimulie jambo lililonipata.

Katika safari zangu za kwanza nilifahamiana na mzee mmoja aliyestaafu kazi ya genge. Aliishi mwendo mfupi kutoka njiani, na kila aliponiona na kamera alinijia tuketi kwenye ukingo wenye nyasi, mbali na kokoto, tusubiri pamoja. Alikuwa Mkipsigis, lakini habari za reli alizisema kwa Kiswahili. Aliniambia kwamba hicho ndicho kilichokuwa Kiswahili cha kazi: Mluo, Mluhya, Mkamba na Mhindi wote walikuwa genge moja, na taruma haliinuliwi kwa lugha tano.

Siku moja tukiwa tumeketi hivyo, alinyamaza ghafla akainua kidole. Mimi sikusikia kitu. Kisha nikasikia: sauti nyembamba kutoka kwenye reli yenyewe, kama ya sufuria linaloanza kuchemka, kabla ya mngurumo wowote wa injini.

"Mjukuu wangu, umesikia?" akauliza. Halafu akaitaja sauti ile kwa jina lake. Lilikuwa neno moja. "Hiyo ndiyo iliyokuwa saa yetu," akaendelea. "Ukiisikia, unatupa mtaimbo kando, unaondoka njiani. Asiyeijua hakuzeeka."

Nilitabasamu, nikageukia kamera. Lilikuwa gari la mizigo, nalo liliibuka kwenye pindo la mlima likiwa na mwanga mzuri usoni. Nilipiga picha 41. Nyingi zilikuwa nzuri, na moja bado iko ukutani mwa chumba changu.

Niliporudi chuoni na kuanza kusoma nadharia za ukusanyaji wa data nyanjani, nilitambua nilichokuwa nimekiacha pale kwenye nyasi. Nikaazimia kurudi likizoni na kinasa sauti. Nilirudi Agosti 2023. Mzee alikuwa amezikwa wiki tatu kabla.

Neno lile silikumbuki. Nimejaribu kulala nalo na kuamka nalo. Huja mdundo wake tu, silabi tatu au nne. Sijui hata kama lilikuwa la Kiswahili, la Kipsigis, au la Kihindi lililozoeleka vinywani mwa genge. Niliwauliza wazee wengine watatu waliofanya kazi njia hiyo. Mmoja alisema kwamba reli "inalia." Wa pili alisema "inaimba." Wa tatu alifikiri kwa muda mrefu, akasema walikuwa na neno lake, lakini tangu astaafu hakuna aliyewahi kumuuliza.

Jibu hilo la tatu linanisumbua kuliko kifo chenyewe. Mauti hayana dawa, lakini kutouliza ni uzembe wetu. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nilikuwa na daftari mfukoni siku ile.

6.0 UTARATIBU UNAOPENDEKEZWA

Kutokana na kosa hilo, nimejiundia utaratibu ambao ningependa kuwapendekezea wanachama wenzangu, hasa wale walio karibu na njia yoyote ya reli, iwe ni Kipkelion, Voi, Nanyuki au Butere.

Kwanza, hodi kabla ya kamera. Stesheni na njia ya reli si uwanja wa umma, na mtu mwenye kamera huweza kudhaniwa vingine. Katika stesheni moja ambayo sitaitaja, nilianza kupiga picha kabla ya kumwamkia mtu yeyote, na askari akanifanya nizifute zote mbele yake. Nilikasirika, lakini baadaye nilikubali kwamba ningeingia katika boma la mtu kwa namna ile ningefukuzwa vilevile. Mwone mkuu wa stesheni, jitambulishe, onyesha kitambulisho cha chuo, eleza nia yako. Akikataa, shukuru uondoke.

Pili, usalama. Usitembee juu ya daraja la reli, wala usisimame kati ya reli ukitafuta picha. Magari kuwa machache si kinga. Huko ndiko kunakomdanganya mtu. Kaa pembeni, mahali ambapo dereva anakuona na wewe una pa kurudi nyuma.

Tatu, wakati. Nyanda za Kericho hupata mvua alasiri kwa sehemu kubwa ya mwaka, na mara nyingi huwa mvua ya mawe. Kazi ya picha ni ya asubuhi. Reli yetu inaelekea magharibi, kwa hiyo asubuhi gari linalopanda kutoka Kisumu hukujia jua likiwa usoni pake, na linaloshuka kutoka Nakuru hukupa kivuli. Ukikosa gari, piga picha ubao wa stesheni, herufi za chuma, tangi la maji, mti uliopandwa na mkuu wa stesheni wa zamani. Reli haikosi la kuonyesha.

Nne, na hili ndilo muhimu zaidi, kila picha iwe na neno lake. Katika daftari langu sasa kila picha ina safu tano: mahali na saa, kitu kilichopigwa picha, neno au maneno yanayotumiwa na watu wa hapo kukitaja, aliyelisema neno, kwa umri na kazi yake na kwa idhini yake, na sentensi moja kamili aliyoitumia neno hilo. Safu ya tano isipuuzwe. Neno peke yake ni kama reli moja, na sentensi ndiyo reli ya pili. Haiwezekani kupita juu ya moja tu.

Tano, rudisha. Chapisha picha mbili tatu umpelekee aliyekusaidia. Mzee aliyepewa picha ya daraja alilolikarabati akiwa kijana hukumbuka maneno ambayo hakuyakumbuka ulipomhoji. Nimeliona jambo hili mara kadhaa, nami naamini kwamba picha ni mbinu ya kuamshia kumbukumbu ambayo watafiti wetu wa fasihi simulizi hawajaitumia ipasavyo.

Huenda msomaji akauliza: je, uraibu ukiwekewa safu tano za daftari utabaki kuwa uraibu? Swali hili ni la haki. Raha ya kutazama garimoshi ni ya mtu aliyeketi bila lengo, na ukiigeuza yote kuwa utafiti utaiua. Jibu langu ni kwamba daftari linaandikwa gari likishapita. Likiwa linapita, tazama tu. Hata wale wa Uingereza wenye orodha zao walikuwa na sekunde chache za kushangaa kabla ya kupiga alama.

7.0 BOMET NA RELI IJAYO

Hadi hapa tumezungumza juu ya kilichopo na kilichopita. Bomet inatupa nafasi tofauti. Reli ya kisasa, ambayo upana wake ni milimita 1,435 badala ya mita 1 ya reli ya zamani, ilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, ikafika Suswa mwaka 2019. Michoro ya awamu ya kwenda Kisumu imeipitisha Narok na Bomet, si katika njia ya zamani ya Mau.

Reli hiyo ikifika, kitatokea kitu ambacho sisi wanafunzi wa lugha hatukukishuhudia mwaka 1901: msamiati utazaliwa mbele ya macho yetu. Vibarua wa Bomet watakutana na wahandisi wa nje, na kila kifaa kitahitaji jina. Baadhi ya majina yatatoka Kichina, mengine Kiingereza, mengine Kipsigis, na mengine yatakuwa maneno ya zamani yaliyovishwa maana mpya, kama taruma na behewa. Hakuna aliyeandika ni nani wa kwanza kuliita taruma taruma. Mwanafunzi wa Bomet mwenye kamera na daftari anaweza kuandika ni nani wa kwanza kukipa jina kitu kipya, siku gani, na wenzake walicheka au walikubali. Data za namna hiyo ni adimu katika isimu ya lugha yoyote.

8.0 HITIMISHO

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba kutazama na kupiga picha magarimoshi si mchezo wa watu wa nchi zenye magari mengi pekee. Kipkelion na Fort Ternan zinatosha, mradi mtazamaji aridhike kutazama reli pale gari linapokosekana. Tumeona kwamba reli ina matini tatu: majina, chuma na maneno. Ya kwanza na ya pili kamera inaweza kuzihifadhi. Ya tatu haiwezi.

Tunapendekeza kwamba chama chetu kianzishe faharasa ya pamoja ya msamiati wa reli, ikikusanywa na wanachama wakiwa likizoni makwao, na kila ingizo liwe na picha, msemaji na sentensi. Gharama yake ni nauli ya matatu na daftari moja. Tunapendekeza pia kwamba wahadhiri wetu wa leksikografia na fasihi simulizi waikubali kazi ya namna hii kama sehemu ya mazoezi ya nyanjani.

Kwa upande wangu, yule mzee wa tatu bado yu hai, nami nimemwahidi kurudi Desemba na picha zake. Alinieleza kwamba neno lile huenda likamjia akiisikia reli tena. Tutaketi kwenye nyasi tusubiri gari. Safari hii kamera itakaa mkobani hadi aseme.